Nilipamba Sebule, Watu Wakaja Kuzika

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita ajue haya tu, yanamtosha. Nilifukuzwa upishi kule Lindi kwa kosa la mchuzi. Nikarudi kwetu Nanganga mikono mitupu, na baba yangu akaniuliza mbele ya wageni kama nimekuja kula au nimekuja kufa. Nikaenda Masasi. Huko nikamkuta Bwana Arthur, Mzungu aliyebaki kama makapi baada ya mradi wa karanga wa Nachingwea kufa, naye amefungua darasa la kutufundisha sisi kupamba nyumba ndani.

Nikajiunga. Nilikuwa nimechoka kuitwa boi. Nilitaka niitwe fundi wa mapambo, mtu mwenye cheti na suruali ndefu.

Basi tuendelee. Anayetaka kunihurumia airudishe huruma yake mfukoni, ipo siku ataihitaji mwenyewe.

Darasa lenyewe lilikuwa ghala bovu la mihogo, chini ya jabali. Mwezi mzima tulikata vipande vya karatasi. Hiki kochi, hiki meza, hiki kitanda. Tukavipanga juu ya karatasi kubwa iliyoitwa chumba, na Bwana Arthur akapita nyuma yetu mikono kiunoni.

"Yeremia! Hapa iko kochi, hapa iko mlango. Mtu nene napita wapi?"

"Hapiti, Bwana."

"Basi wewe nafukuza mgeni yangu!"

Nikolao, aliyekaa karibu nami, akatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba yule mtu mnene ni mjomba wake. Huyo Nikolao alizaliwa akitikisa kichwa. Mzungu akikohoa, yeye anaitikia ndiyo.

Nilikuja kusikia baadaye kuwa kazi ya Bwana Arthur huko Nachingwea ilikuwa kugawa viti kwa Wazungu wenzake. Mgawa viti! Ndiye mwalimu tuliyepewa. Lakini sitasema uongo: siku alipotuonyesha gurudumu la rangi, jinsi nyekundu inavyoikemea kijani na njano inavyoibembeleza kahawia, nilitazama mpaka njaa ikanitoka. Tangu siku hiyo nikiingia nyumba ya mtu siwezi kumsalimu kabla sijaona dirisha lake limekosewa wapi.

Mtihani wa mwisho haukuwa wa karatasi. Kila mmoja apambe chumba cha mtu wa kweli. Kutoka Mtwara angekuja Mzungu wa kampuni ya kujenga, naye alikuwa anatafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kupamba nyumba mpya za maofisa. Chumba kitakachompendeza, aliyekipamba amepata kazi. Wenzetu walikwisha kimbia darasa, tukabaki mimi na Nikolao.

Nikolao alipamba chumba cha katekista wa hapo hapo Masasi. Mito myekundu, mapazia mekundu, kitambaa chekundu juu ya redio isiyolia. Ukiingia unadhani amechinjwa mtu. Mzungu wa Mtwara alikiangalia, akasema, "Aha," akatoka. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, ilibaki kuichukua.

Mimi niliangukiwa na Mzee Fakihi wa Mkunya, kule juu Newala. Mtu mwenye mikorosho mpaka macho yanachoka, mwenye nyumba ya bati, mwenye kikohozi. Mkewe aliitwa Bimdogo, lakini watu walimwita Mama Fatu kwa jina la binti yao aliyeolewa Mnyambe. Ulimi wa mama huyo ungeweza kumenya muhogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mpambaji?"

"Ndiye mimi."

"Mmakua?"

"Wa Nanganga."

Mama Fatu akapiga makofi. "Baba Fatu, umekwisha! Wamekuletea mtani akupambie nyumba. Hesabu kuku wako."

"Kuku wa Kimakonde wote mifupa, Mama Fatu. Nakuachia."

Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mmakua na Mmakonde wakikutana hawaulizani habari kabla hawajatukanana. Ndiyo desturi. Na desturi hiyo ina mambo yake mengine, ya msibani, ambayo kwa usomi wangu mpya nilikuwa nimeyasahau.

Mzee Fakihi akanivuta pembeni. "Kijana, nikwambie ukweli. Mimi nina mpwa, anaitwa Nurdini. Huku kwetu mali ya mjomba ni ya mpwa, hilo unalijua. Sasa kila juma anatoka Newala kuja kuuliza hali yangu. Haniulizi mimi. Anakiuliza kikohozi."

"Nimekuelewa, Mzee."

"Nataka sebule ambayo Nurdini akiingia, akitazama, ajue kuwa mimi siendi mahali."

Kazi nzuri iliyoje! Nikaitenda kwa moyo wote. Kuta nikazipaka chokaa, lakini chini, kutoka sakafuni mpaka kiunoni mwa mtu, nikapaka udongo mwekundu wa hapo hapo Mkunya, uliosuguliwa kwa jiwe mpaka ukang'aa. Hilo Bwana Arthur hakunifundisha. Nililiwaza mwenyewe. Watu wa uwanda huu wanatoka shambani na udongo mwekundu mgongoni na mikononi; wakiegemea ukuta mweupe wanauchafua, wakiegemea wangu hakuna kinachoonekana.

Kikabaki kilele: dari. Lile bati lilikuwa linatoa jasho na sauti. Bwana Arthur aliagiza dari ya kitambaa cheupe, kivutwe kama ngozi ya ngoma. Mito ya kochi ijazwe pamba safi, si majani. Kabatini kutiwe kitu kikali mende wasile mapazia. Chumba kiwe na harufu yake. Na ukutani kuwe na rafu ya vitabu. Mzee Fakihi hakuwa na kitabu zaidi ya Msahafu, lakini mwalimu alisema chumba bila rafu ni chumba kipofu.

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa alasiri. Ijumaa asubuhi na mapema nikaenda Newala mjini, dukani kwa Mhindi.

"Bafta," nikasema. "Nyeupe kabisa."

Akaishusha.

"Pamba safi. Karafuu maiti. Na udi."

Mhindi akanitazama. Wasomaji wangu mnaojua mambo mmekwisha shika vichwa, naona. Mimi Mkristo wa Nanganga, kichwa kimejaa gurudumu la rangi, sikushika kitu. Hata jina la karafuu ile halikunishtua. Mhindi akanipunguzia bei bila kuombwa. Nikajisemea, huyu ametambua mtu wa taaluma.

Barazani alikaa Fikirini, fundi cherehani, mtu anayeshona nguo moja kwa siku na maneno mia kwa dakika. Nilipotoka na jora begani, na mbao fupi fupi za rafu chini ya kwapa, cherehani yake ikanyamaza.

"Za nani hizo, ndugu?"

"Za Mzee Fakihi wa Mkunya."

Akavua miwani. "Lini?"

"Leo hii. Lazima iwe tayari kabla ya jioni."

"Ni vizuri kuharakisha."

Nikaona ananionea gere kwa kuwa sikumpa kazi, nikamwambia kwa kiburi, "Hii haihitaji cherehani."

"Najua, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Najua."

Sikuwahi kumsikia Fikirini akisema maneno machache namna ile.

Sasa njiani! Laiti mngeniona. Wanawake waliokuwa wanapanda na maji kutoka bondeni walinipisha, wakashusha mitungi, wakapiga magoti ukingoni mwa njia. Wanaume walivua kofia. Mzee mmoja aliyekuwa anamtukana punda wake alinyamaza, akamshika punda mdomo. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana aliyebeba bafta haulizwi, anapishwa.

Mimi nikainua kidevu. Nikasema moyoni, leo nchi imeelimika. Leo wanamjua fundi wa mapambo anapopita.

Nimezunguka dunia nzima tangu siku ile, nimefika Tanga, nimefika Kongo, na sijapata kumwona mpumbavu aliyenipita yule niliyekuwa mimi katika njia ya Mkunya.

Nilipofika, Mama Fatu alikuwa ametoka kwenda kuteka maji, na huku kwetu kuteka maji ni safari. Mzee Fakihi alikuwa anakunywa uji. Nikavuta dari, nikapigilia misumari, nikajaza mito, nikatundika rafu, nikatia karafuu maiti kabatini na udi kwenye chetezo. Chumba kikapumua. Jua likaingia dirishani, likapanda kwenye bafta, likashuka laini kama maziwa.

Mzee Fakihi akasimama mlangoni. Kisha akavua viatu. Katika nyumba yake mwenyewe!

"Nilale hapo?"

"Lala, Mzee. Ndiyo kochi lenyewe."

Akajinyoosha chali na kanzu yake nyeupe, macho darini. Kila nilipogonga msumari wa mwisho mwisho, chokaa ilimdondokea usoni na ndevuni. Hakujali.

"Yeremia," akasema, "tangu nizaliwe sijalala mahali patulivu hivi."

Nikacheka kwa furaha.

Hapo ndipo tuliposikia kilio.

Kilianza mbali, kwenye mikorosho, kikakaribia. Nikachungulia kando ya pazia. Uwanja wote ulikuwa watu. Watu wa sala ya Ijumaa kutoka Newala na kofia zao, watu wa Mkunya, wanawake wamejifunga kanga viunoni. Mbele yao Nurdini, shati limefunguliwa vifungo, analia kama ng'ombe aliyeachwa na lori.

"Mjomba! Mjomba wangu! Umeniachia nani?"

Mzee Fakihi akainuka kwenye kochi. "Analia nini huyu? Mjomba wake si mimi?"

Nilipomgeukia, macho yangu yakapita kwenye dari. Yakapita kwenye mito. Pua yangu ikanusa kabati. Na pua hiyo, wasomaji, ikaelewa kabla ya kichwa.

"Mzee," nikanong'ona, "nadhani umekufa."

Nikamweleza haraka haraka: bafta ni ya sanda, pamba na karafuu ni za maiti, mbao ni za kaburini, na mji mzima umeniona navyo. Nilitegemea anipige. Badala yake akanishika mkono, jicho likamng'aa.

"Nyamaza. Usifungue. Nataka kusikia ninavyozikwa."

Nje Nurdini alikwisha kauka machozi. Hayakuwa mengi. "Jamani, vijana wameanza kuchimba tangu asubuhi, niliwatuma mwenyewe mara Fikirini aliponipa habari. Sikutaka mjomba asubiri."

"Umefanya vema," mtu akasema. "Lakini umeshamwona?"

"Kumwona nini tena? Bafta imenunuliwa!"

Mrithi hana muda wa kuhakikisha.

"Na tusifichane," Nurdini akaendelea, sauti imepata nguvu, "nyumba ya mjomba ni ya mpwa. Fatu ana kwake Mnyambe. Mama Fatu amalize eda yake jikoni, kisha tutaona. Huenda nikamwoa mwenyewe, kwa kumsitiri. Hiyo sebule aliyokuwa anaipamba, nitaweka magunia ya korosho."

Mzee Fakihi aliubana mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Na mimi, niseme kweli, nilichukia zaidi kuliko yeye. Magunia! Juu ya ukuta wangu mwekundu!

Mama Fatu akatokea na mtungi kichwani. Watu wakamfungulia njia, wanawake wakaanza kumkumbatia mtungi ukiwa juu.

"Mama Fatu," akasema Nurdini, "shusha mtungi, mama. Wewe sasa ni mjane."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Asubuhi nimemwacha anakunywa uji na analalamika chumvi. Maiti wenu wa Newala ndio wanalalamika chumvi?"

"Bafta imenunuliwa, mama."

"Na nani?"

"Na yule Mmakua."

Mama Fatu akaugeukia ukuta wa nyumba. "Yeremia! We Mmakua! Toka nje unieleze umemfanya nini mume wangu!"

Na kabla sijajua nitoke au nipite dirishani, Landrova ikaingia uwanjani.

Akashuka Bwana Arthur, akashuka Mzungu wa Mtwara, na nyuma yao, kama kupe, Nikolao. Bwana Arthur aliona ule umati, uso ukamchanua. Akamgeukia mwenzake kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie.

"Unaona? Watu yote hii nakuja kuona chumba ya mwanafunzi yangu!"

Msinicheke mimi peke yangu. Mwalimu alikuwa vile vile.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka, nikasimama mbele yao nikiwa na chokaa nywele nzima. Mzungu wa Mtwara alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hakuutazama umati. Alikwenda dirishani, akasukuma pazia kidogo, akaangalia ndani muda mrefu.

"Huu udongo mwekundu chini ya ukuta. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Bwana. Niliwaza mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nataka kukaa humo ndani kidogo. Nikiona ndani kama nilivyoona hapa, twende wote jioni hii. Gari lina nafasi ya mtu mmoja."

Nikolao uso ulimshuka mpaka kifuani. Nafasi ya mtu mmoja! Nikaona cheti, suruali ndefu, baba yangu ananyanyuka kunipa kiti.

Nurdini akamnyooshea Mzungu mkono amzuie. "Bwana, samahani, humo mna maiti."

"Mna nini?"

Mlango ukafunguka.

Mzee Fakihi akasimama mlangoni, kanzu nyeupe, uso mweupe kwa chokaa, ndevu nyeupe, ananukia karafuu maiti na udi. Akamtazama mpwa wake.

"Nurdini. Magunia utayaweka wapi?"

Sitawaeleza walivyokimbia. Wazee waliokuja kwa mkongojo waliwapita vijana. Nurdini hakukimbia, alipiga magoti vumbini na mdomo wazi. Mwalimu wa msikiti alisoma dua mbili kwa pamoja, moja ya kufukuza na moja ya kukaribisha. Mama Fatu peke yake ndiye aliyemsogelea mumewe, akamfuta chokaa usoni kwa pembe ya kanga, akasema, "Mwanamume mzima unacheza kufa, na uji umeuacha unaota ngozi."

Watu wakarudi mmoja mmoja. Wakaanza kucheka. Mzungu wa Mtwara naye alitabasamu, akaweka mguu kizingitini aingie. Mguu mmoja tu ulikuwa umebaki.

"Hodi hapa," sauti ikaita.

Alikuwa Bonifasi, jirani, udongo mpaka mapajani, jembe begani. Huku Mkunya Waislamu na Wakristo huchimbiana makaburi, na Bonifasi hakuna aliyemzidi.

"Kaburi tayari," akasema. Kisha akamwona Mzee Fakihi. Akashusha jembe polepole. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bonifasi."

"Mzee, sasa mle tulimochimba tutaweka nini?"

Kicheko kikakatika. Mnaotoka mijini hamjui. Kaburi likishafunguliwa halifungwi tupu. Likifungwa tupu litajitafutia lenyewe, na litaanza na yule aliyechimbiwa.

Mwalimu wa msikiti akakohoa. "Hilo halimo kitabuni."

"Halimo kitabuni," akajibu mzee mmoja, "ila makaburini limo."

"Wekeni mgomba," wengine wakasema. "Ndiyo desturi. Kateni mgomba, uzikwe badala yake."

"Mgomba mtupu?" Mzee Fakihi akauliza. Ile jeuri ya mlangoni ilikwisha kumtoka. Alikuwa anajinusa mkono. Akatazama nyuma, darini, kisha akalitazama kochi alilolalia. Nikaona uso wake unabadilika, na nikajua.

"Mzee," nikasema, "usifikiri hivyo. Ni kitambaa tu."

"Nimelala chini ya sanda, Yeremia. Nikasema patulivu."

"Mzee, ni dari!"

"Bafta ipo," akasema Mama Fatu, na hakuwa anatania. "Pamba ipo. Karafuu maiti ipo. Mbao zipo. Mji wote umejua vimenunuliwa kwa ajili ya mume wangu. Visilale tena nyumbani mwangu. Viende na huo mgomba."

"Mama Fatu, nakuomba! Mpe Mzungu dakika kidogo akae ndani. Akishaondoka, zikeni hata nyumba!"

"Wewe unataka kazi. Mimi nataka mume."

Wakaingia. Nilishika mlango, wakanibandua kama kupe. Nikasikia misumari yangu inang'oka, mmoja mmoja. Dari ikashuka. Mito ikapasuliwa. Rafu ikaondoka na tope la ukuta. Mzungu wa Mtwara alisimama pale pale, mguu kizingitini, akitazama chumba alichotaka kukalia kinapita mbele yake mikononi mwa watu.

Nikolao akasogea. "Bwana, kwa heshima. Fundi asiyejua kitambaa kinasema nini kwa watu, atawapambia maofisa nini? Mimi niliweka nyekundu. Nyekundu haijazika mtu."

Maneno ya kipumbavu! Maofisa walikuwa Wazungu, wanalala chini ya bafta maisha yao yote wala hawafi. Nikamgeukia Bwana Arthur anitetee. Mgawa viti yule alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bwana," nikamwambia wa Mtwara, "ukuta mwekundu bado upo. Ingia uuone."

Alifungua mdomo kunijibu. Sitajua alitaka kusema nini, maana wazee wa Mkunya walikwisha nishika mikono.

"Mtani," wakasema. "Twende."

Ndiyo ile desturi niliyoisahau. Msibani, mtani ndiye anayeingia kaburini. Anadhihaki, anakataa kutoka mpaka apewe kuku, watu wanacheka, huzuni inapungua. Na Mmakua pale nilikuwa mimi peke yangu.

"Naingia natoka," nikampigia kelele Mzungu. "Nisubiri, Bwana! Naingia natoka!"

Wakanishusha. Bonifasi alikuwa amechimba kwa moyo. Nikinyoosha mkono sifikii ukingo. Wakaniteremshia mgomba, umefungwa kwenye dari yangu, na tundu za misumari bado zinaonekana. Nikaulaza. Nikapanga mbao za rafu yangu juu yake. Nikasema utani mmoja, kuhusu Wamakonde wanaozika mboga. Hakuna aliyecheka.

"Haya, nipeni mkono."

Hakuna mkono ulioshuka.

Nikasikia Landrova inawaka. Nikasikia mlango unafungwa, kisha mwingine, kisha wa tatu. Waliokuja walikuwa watatu, na Bwana Arthur alikwisha sema atashukia Newala kulala kwa rafiki yake; nafasi ya kwenda Mtwara ilikuwa moja. Kwa hiyo nilijua ni nani aliyekaa mahali pangu, kwa sababu sauti yake ilinifikia hata mle shimoni, akiitikia ndiyo.

"Nipeni mkono, jamani! Gari linaondoka!"

Kivuli kikasimama ukingoni. Alikuwa Nurdini. Vumbi la uwanjani lilikuwa bado limemganda magotini, na jembe la Bonifasi alikuwa nalo yeye.

"Mtani," akasema, "umenizika mbele ya watu wote."

Udongo wa kwanza ukaniangukia kichwani, mwekundu, ule ule wa ukuta wangu.

Mtani hutupiwa udongo, hilo nalijua. Hutishwa, kisha huvutwa juu na kicheko. Nikapangusa macho nikatazama uso mmoja mmoja ukingoni, nitafute anayecheka.